Kupumzika ndani ya Kristo mambo yanapochacha: mwongozo wa soja (mlinzi) wa usiku, Malindi

Kabla hujapiga magoti, kula. Hata kama ni mhogo wa jana na chai ya rangi, kula, kunywa maji, halafu ndipo uombe. Najua miongozo ya mambo ya kiroho huanza na toba au na mistari ya kukariri. Mimi naandika kutoka Malindi, na sisi wa huku tuna sababu zetu za kuanzia kwenye sahani.

Aprili 2023, huko Shakahola, msituni upande wa magharibi wa mji wetu, polisi walianza kufukua makaburi ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili iliyotolewa ilipita 400, na watoto walikuwa wengi humo. Ililetwa mjini kuhifadhiwa, jamaa wakatoa sampuli za DNA, na waliotangulia kukabidhiwa maiti wao walikabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, jirani ya hapo hapo. Sikubaliani na wanaosema wale watu walikuwa wapumbavu. Kwa jinsi ninavyoijua pwani hii, ukame wake, karo, kazi za msimu na mashamba yasiyo na hati, naona walikuwa wamechoka, akatokea mtu akawaahidi kupumzika.

Kwa hiyo mtu akikuletea habari za pumziko la roho, hata akiwa ni mimi, swali la kwanza mwulize: chakula naruhusiwa?

Biblia yenyewe inaruhusu, tena inaagiza. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amemkimbia malkia Yezebeli, amefika jangwani, ameketi chini ya mretemu, mti wa jangwani, anamwambia Mungu yatosha, iondoe roho yangu. Mungu hakumsomea hotuba. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule," na kichwani pake palikuwa na mkate ulioiva juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili ale, "kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Ile sauti ndogo ya utulivu ya Mungu kule mlima Horebu, ambayo wahubiri wanaipenda sana, ilikuja baada ya milo miwili na usingizi. Binti Yairo alipofufuliwa, agizo la Yesu lilikuwa apewe chakula. Paulo yumo kwenye merikebu inayopigwa na dhoruba, watu wamekaa siku 14 bila mlo, akawasihi wale ili waokoke, akatwaa mkate akaanza yeye. Na Yesu baada ya kufufuka aliwapikia wavuvi samaki ufuoni, akawaita, "Njoni mfungue kinywa."

Simkatazi mtu kufunga. Kwaresima mimi pia hufunga. Lakini funga ina saa ya kuanza na saa ya kufungua, na Isaya 58 inasema funga aitakayo Mungu ni pamoja na kumgawia mwenye njaa mkate wako. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye sukari, anayemeza dawa, na mtu ambaye huzuni imemwondolea hamu ya kula, hao wasiguswe kabisa na habari za kufunga. Vivyo hivyo na kesha. Mtu hajalala wiki nzima kwa mawazo, unamwambia aje kanisani akeshe hadi asubuhi, ndiyo nini? Mwache alale. Kukesha mimi nakesha kwa mshahara, najua kunavyomfanya mtu.

Niseme basi kazi yangu. Ni soja wa usiku kwenye nyumba za kupangisha wageni, upande wa Casuarina. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kanisani ni Mwanglikana wa kawaida, si kasisi wala mwinjilisti. Mke wangu alilelewa Katoliki na rozari yake bado iko kabatini. Getini usiku hupita kila aina ya mtu asiyelala: mpishi aliyesimamishwa kazi, dada anayetoka hospitali kuuguza, kijana anayeogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Anayeujua mji huu anajua kwamba masika yakiingia na kusi ikianza kuvuma, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu mpaka karibu Julai, na shule zinafungua muhula wa pili papo hapo. Miezi hiyo benchi langu halikauki watu. Wale niliowaona wakipata nafuu walifanya mambo machache, nami nitayaeleza kama walivyoyafanya.

Daftari

Hili ndilo nililokaa nalo muda mrefu zaidi, na ndilo nitakalolieleza kwa urefu.

Kila lindo lina kitabu cha matukio. Saa mbili na nusu, gari nyeupe limesimama nje ya ukuta, nimeuliza, dereva anasubiri mgeni. Saa saba, taa ya nyuma imezimika, nimebadilisha balbu. Saa tisa, mbwa wamebweka upande wa bahari, nimezunguka, sikuona kitu. Asubuhi mwenzangu wa mchana akija tunakisoma pamoja, tunahesabu funguo, anatia sahihi. Akishatia sahihi, nyumba ni yake. Nikienda nyumbani na funguo mfukoni, hata nikiwa nimeshasema kwaheri, sijakabidhi.

Sasa chukua daftari la shule, chora safu nne: saa, jambo, nimefanya nini, nimemkabidhi nani. Lifungue kila jioni baada ya chakula, si kitandani.

Kijana mmoja wa bodaboda alinikuta siku ya mvua, akaegesha pikipiki chini ya mwarobaini wa nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona hulali, mwanangu?"

"Nikifumba macho naona deni tu."

"Deni la nani?"

"La pikipiki. Na la simu. Na la dukani. Hata sijui ni mangapi."

Nikampa karatasi na kalamu, nikamshikia tochi. Aliandika polepole. Pikipiki, malipo ya kila siku, nimechelewa. Mkopo wa simu, wamempigia shangazi kumwambia nadaiwa. Dada amerudishwa kwa karo. Mama mguu umevimba. Baba alikufa tukiwa tumekosana. Alipofika hapo akanyamaza, akaweka kalamu chini, akavua kofia ya chuma ambayo muda wote huo alikuwa bado ameivaa.

Tuliyapitia pamoja. Pikipiki: kesho asubuhi aende mwenyewe ofisini kwao kabla hawajamtafuta, aombe kiwango kipungue mpaka msimu urudi. Mkopo wa simu: asikope kwingine kuulipa huo. Karo: amwone mwalimu mkuu, aseme ukweli, alipe kidogo kidogo. Mguu wa mama: zahanati, na si wiki ijayo. Yale manne yakapata maneno kwenye safu ya tatu. La baba safu yake ilibaki tupu, kwani ungefanya nini? Nikamwambia jambo la namna hiyo ndilo la kumkabidhi Kristo lote kama lilivyo, bila kuliongezea ahadi wala nadhiri. Hata yale manne anakabidhi, maana kwenda ofisini ni juu yake lakini watakavyomjibu si juu yake.

Maneno ya kukabidhi yasikusumbue. Petro anasema mmtwike yeye fadhaa zenu zote, "kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Soma kila mstari wa daftari kwa sauti, na mwisho wa kila mstari useme, "Bwana Yesu, hili nakukabidhi mpaka asubuhi." Nasema mpaka asubuhi kwa makusudi. Mtu mwenye shida kubwa ukimwambia akabidhi milele, ataona umemwomba asilolimudu. Usiku mmoja unamudu. Yesu mwenyewe alisema tusisumbukie ya kesho, "yatosha kwa siku maovu yake."

Ukishasema hivyo funga daftari, liweke chumba kingine. Kama chumba ni kimoja, liweke chini ya sufuria. Jambo likirudi usiku, na litarudi, usianze kulijadili upya. Jiambie tu, liko kitabuni. Asubuhi lifungue. Lililokwisha lipige mstari uandike tarehe. Lisilokwisha liandike tena jioni. Usione haya kuandika jambo lile lile kwa mwezi mzima. Vitabu vya lindo vimejaa taa ile ile iliyoharibika.

Mambo mawili ya kujihadhari nayo. Usiandike kwenye simu, maana simu ndiyo inayoleta ujumbe wa mkopo na tangazo la kubahatisha mpira saa saba za usiku. Na usiandike dhambi za watu wengine. Kuna mama mmoja daftari lake liligeuka orodha ya makosa ya mawifi. Akaacha kulala kabisa.

Maneno ya kusema usiku

Kuna Zaburi zilizoandikwa kama kwamba mtunzi aliwahi kushika rungu na tochi. Ya 127: "BWANA asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure," na mstari unaofuata unasema yeye humpa mpenzi wake usingizi. Ya 121, yule aliye mlinzi wa Israeli "hatasinzia wala hatalala usingizi." Ya 130, nafsi inamngoja Bwana "kuliko walinzi waingojavyo asubuhi," na maneno hayo yanarudiwa mara mbili, naye aliyewahi kuingoja asubuhi anajua kwa nini. Ukitaka ya kulalia, chukua ya 4: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Chukua moja tu kwa wiki. Anayesoma Zaburi kumi kwa usiku mmoja anatafuta dawa ya usingizi, na simlaumu, lakini hazishiki.

Ila kuna usiku ambao hizo hazikufai, kwa sababu unamkasirikia Mungu. Hapo nenda Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumwuliza atanisahau hata lini. Au ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila kugeuka kuwa shangwe. Hiyo nayo ni neno la Mungu, imewekwa humo ili isomwe. Sipendi tabia ya kumwambia mfiwa asifu tu. Wanafunzi walipomwamsha Yesu chomboni walisema, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Ni maneno makali kumwambia Bwana. Aliwauliza kwa nini wamekuwa waoga na imani yao iko wapi, kweli, lakini upepo aliukemea kwanza.

Na katika habari hiyo kuna jambo ambalo mtu wa pwani haliruki. Marko anasema Yesu alikuwa shetrini, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto, na mawimbi yanaingia chomboni. Alilala kabla bahari haijatulia. Sisi wengi tunangoja kusi ipite, deni liishe, mtoto apone, ndipo tupumzike. Kwa hesabu hiyo hatutapumzika mpaka tuzikwe. Mathayo 11 ni vivyo hivyo: Yesu anawaita wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo, anasema atawapumzisha, halafu anawapa nira. Kazi haikuondoka. Nira ni laini kwa kuwa ni yake, naye anasema ni mpole na mnyenyekevu wa moyo.

Kwa mtu asiyeweza kusoma usiku, au ambaye macho yamechoka, kuna sala fupi ambayo watawa wa makanisa ya Mashariki wameiomba kwa karne nyingi: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu. Inafanana na kilio cha yule kipofu wa Yeriko, Bartimayo. Mimi huiomba nikizunguka ukuta: nusu ya kwanza nikivuta pumzi, nusu ya pili nikishusha, hatua kwa hatua, nikifika kona namtaja mtu mmoja. Kona nne, watu wanne, naanza tena. Mke wangu husema hiyo ni rozari ya Waanglikana wasiotaka kukubali. Ukiwa kitandani zunguka nyumba yako kwa mawazo, kutoka mlangoni hadi jikoni hadi wanakolala watoto. Ukilala katikati ya sala, umelala mahali pazuri.

Siku yako

Waebrania 4 inasema imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu. Vizuri, lakini mfanyakazi wa hoteli Jumapili yuko kazini anapanga vitanda. Basi siku yake iwe siku aliyopewa. Na apewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Na zamani kabla ya sheria hiyo, Kumbukumbu la Torati sura ya 5 ilisema mtumwa na mjakazi wapumzike vile vile kama wewe. Mkristo mwenye dada wa kazi nyumbani asiyempa siku yake, kisha anakuja kunieleza jinsi anavyotafuta amani ya moyo, namsikiliza kwa adabu tu.

Jinsi ya kuifanya: pika jana yake jioni, hata kama ni maharage ya kupasha. Zima data. Usifue nguo. Kama huwezi siku nzima, chukua kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Nenda ibada ikiwapo. Ikiwa siku yako ni Jumatano na kanisa limefungwa, keti hapo nje ya kanisa kwenye kivuli, hakuna atakayekufukuza. Kisha tembea. Mji huu una bahari, na pepo za bahari hazilipiwi.

Mimi napenda njia inayopita karibu na lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti na makaburi ya zamani. Francis Xavier, mmisionari wa Kikatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India. Kwenye barua yake anaeleza kwamba walimzika hapa mwenzao aliyefia safarini, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Anaeleza pia kuwa mzee mmoja Mwislamu alimwuliza kama makanisa ya kwao yanahudhuriwa, maana hapa, kati ya misikiti 17, ni 3 tu iliyokuwa na watu, tena wachache. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Karibu miaka 500 iliyopita, watu wawili wa dini mbalimbali, wako hapa hapa wanaongea habari za watu wasiosali! Ukiona imani imepoa nyumbani kwako, usidhani wewe ndiye wa kwanza.

Mtu wa kukaa naye

Raha hii haipatikani ukijifungia. Tafuta watu wawili au watatu wa kukujua hali yako: ushirika wa nyumba kwa nyumba, jumuiya ndogondogo kama wewe ni Mkatoliki, kikundi cha akina mama, hata mwenzako mmoja wa kwaya. Uwaambie jambo halisi. "Niombeeni" peke yake haitoshi, kila mtu anaisema. Sema, "Nimefukuzwa nyumba, nina mpaka tarehe tano." Watu wakijua, mmoja atakumbuka binamu yake mwenye chumba Maweni au Ngala.

Wala usimpuuze jirani Mwislamu. Getini kwangu, adhana ya alfajiri ndiyo inayoniambia nianze sala yangu ya asubuhi, na mzee anayepita kwenda msikitini huniuliza, "Umeamkaje, baba?" kabla Mkristo yeyote hajaamka. Mwaka 2020 hoteli zilipofungwa kwa sababu ya korona, unga uliingia nyumba nyingi za Wakristo mji huu kutoka jikoni kwa majirani Waislamu, nao walipopungukiwa ukarudi. Kupokea chakula hicho hakukupunguzii wokovu.

Mchungaji wa kumsikiliza utamjuaje? Mpime kwa mambo ya kawaida. Anakukataza kula, kupeleka mtoto shule, kwenda hospitali? Ukimwuliza swali anakasirika? Anakutaka ukate simu za ndugu zako, uuze shamba, uhamie mahali pasipo na njia? Ukihama kanisa lake anasema utakufa? Jambo moja tu kati ya hayo likionekana, chukua watoto wako uondoke, na ukaripoti kwa chifu au polisi, kwa sababu wako waliobaki ndani. Kuhusu wanaokuambia upande mbegu ya elfu kadhaa ndipo amani ije, au ununue mafuta na maji ya upako, sina maneno mengi. Yesu alisema njoni kwangu. Hakutaja nauli. Sadaka ni ya kutoa ukiwa na amani, kwa shukrani, na mwenye deni la dukani alipe duka.

Ikiwa haiji

Kuna watu waliofanya haya yote, wakala, wakaandika, wakasali, na bado kifua kinabana. Huenda ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Ukiona wiki zinapita hulali au unalala mchana kutwa, huli, unalia bila sababu, kazi imekushinda, au umeanza kufikiri heri ufe, usingoje ibada ya Jumapili. Mwambie mtu leo. Nenda hospitali useme hivyo hivyo ulivyo, "Nafikiria kufa," wala usiseme kichwa kinauma. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199, ya kuongea na mshauri.

Ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa, usimwache mtu huyo peke yake usiku huo. Kaa naye, au apate wa kukaa naye. Sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vilivyobaki viondoke nyumbani kimyakimya. Usimhubirie. Usimwulize kama ametubu, Eliya hakuulizwa. Akitaka kusali, salini sala fupi. Akitaka kunyamaza, nyamazeni wote wawili. Asubuhi mpeleke mwenyewe, kwa tuktuk au kwa miguu, na ungoje naye kwenye foleni.

Akiandikiwa dawa, azimeze kama alivyoelekezwa, asiziache katikati kwa kuwa amejisikia vizuri, na mtu asije akamwambia kidonge ni upungufu wa imani. Luka alikuwa tabibu; Paulo anamwita hivyo katika Wakolosai 4:14, "Luka, yule tabibu mpendwa," na alisafiri naye hivyo hivyo, hatusomi popote kwamba alimwambia aache kazi hiyo.